Kahawa Iliyonuka Mbege

Kwa miaka ishirini na saba nililipwa mshahara kwa sababu ya ulimi wangu. Si kwa kuongea, maana kwenye kuongea mimi ni mkavu, na mke wangu atakuambia hivyo bila hata kuulizwa. Nilikuwa mwonjaji wa kahawa mjini Moshi. Asubuhi za msimu nilisimama mbele ya meza ndefu yenye vikombe, nikachota kahawa kwa kijiko, nikaivuta mdomoni kwa kelele mpaka ienee ulimi mzima, nikaitema kwenye ndoo, kisha nikaandika maneno mawili matatu kwenye karatasi. Maneno hayo ndiyo yaliyoamua gunia la mtu liitwe daraja gani. Mwenye gunia alikuwa mlimani huko, anapalilia, hana habari kwamba nimeshamaliza naye.

Kazi kama hiyo inampa mtu kiburi na mimi sikukikataa. Msimu ukianza nilikuwa sili pilipili wala kitunguu kibichi, na harusini nilikuwa nanusa pilau la watu kwanza ndipo nikubali sahani. Watoto wangu walijifunza mapema kutojipaka manukato asubuhi kabla sijatoka nyumbani. Niliona ni haki yangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyepima ukavu wa kahawa kwa kuing'ata. Ilipoletwa mashine ndogo ya kupima unyevu, aliisukuma pembeni akasema meno yake hayahitaji betri. Siku moja mashine ikasema shehena fulani bado mbichi, yeye akang'ata punje mbili na kusema imekauka. Magunia yale yaliota ukungu ghalani. Sisi vijana tulimcheka miezi mingi, tena mimi nikiwa wa kwanza kuigiza jinsi alivyokuwa aking'ata. Nilisema moyoni kwamba nikizeeka kazini sitakuwa mbishi namna ile.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Mdogo wangu alifariki akamwacha mjane Machame, kwenye kihamba, yaani lile shamba la ukoo ambalo nyumba inakaa katikati ya migomba na kahawa, na makaburi ya wazee yako hapo hapo. Kwetu kahawa ilikuwa mali ya mwanamume. Mwanamke alikuwa na ndizi zake na maziwa yake, na hakuna aliyemwingilia. Kwa hiyo baada ya msiba tulikaa kikao tukajiuliza nani ataiangalia ile mibuni, na mimi, mtaalamu wa familia, nikasema mama huyu hataiweza, itajifia yenyewe. Alikuwa amekaa pale pale anasikiliza. Wiki iliyofuata alichukua mkasi wa mdogo wangu akaanza kuipogoa.

Aliimudu vizuri kuliko marehemu, Mungu amrehemu. Kilichomshinda ni maji.

Kwa msomaji asiyelima kahawa inabidi nieleze kidogo. Mlimani kwetu kahawa ina njia moja tu. Unachuma matunda mekundu, na siku hiyo hiyo unayamenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mbegu zinalowekwa zipate kuachia utelezi, zinaoshwa mara mbili au tatu, ndipo zinaanikwa. Ipo njia nyingine, ya kuanika tunda zima na ganda lake, lakini hiyo kwa Mchagga si njia, ni aibu. Kahawa ya maganda ni ile iliyookotwa chini ya mti, au ya mtu aliyelewa siku ya kumenya. Mama yangu akipita kwenye uwanja wa jirani akaona matunda mazima yameanikwa, alikuwa anauliza kuna mgonjwa gani nyumba ile.

Kuosha kunataka maji, na mfongo wetu, ule mfereji wa tangu enzi za babu, siku hizi unakauka kabla mavuno hayajaisha. Shemeji alikuwa anabeba ndoo kutoka mtoni, kwenye ule mteremko unaowachosha hata vijana. Mgongo wake ulikuwa umeanza kulalamika.

Novemba moja alinitokea ofisini na kikapu. Hakuwa amepiga simu.

"Shemeji, nimekuletea kazi," alisema, akatoa mfuko wa kilo mbili wa sukari uliojaa matunda ya kahawa yaliyokaushwa, meusi, yamekunjamana, yote mazima na maganda yake.

Nilicheka. Nilimwambia kama ameishiwa nguvu ya kumenya angesema, tungetafuta kibarua.

"Sikuishiwa. Nimefanya makusudi."

Akanieleza. Alikuwa amechagua matunda mekundu tu, moja moja, akayatandaza kwenye kichanja cha waya, safu nyembamba. Aliyageuza kila saa. Jua la mchana likiwa kali aliyafunika kwa majani ya migomba, likipungua aliyafunua. Alifanya hivyo karibu mwezi mzima, na kila alipopita aliyanusa. Nikamuuliza amejifunza wapi mambo hayo.

"Kwenye kimea," alisema. "Si unajua ulezi wa mbege? Unauotesha, unaukausha, ukienda haraka unakufa, ukichelewa unaoza. Unausikia kwa pua. Nikaona hata hili tunda lina tabia hiyo hiyo."

Shemeji ni mwanakwaya, na mbege yake, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, inajulikana vizuri hata na wale wazee wa kanisa wanaosema hawaigusi. Kwa kimea hakuna anayemzidi kule kwao. Lakini mimi nilikuwa nimevaa koti jeupe na wenzangu walikuwa wanasikiliza.

"Basi nionjee," alisema. "Ukisema hii ni kahawa, naendelea hivi hivi na mibuni inabaki. Ukisema siyo, mimi maji sibebi tena. Nitaing'oa."

Alilala kwetu siku hiyo. Sampuli yake ilikobolewa ikakaangwa kwa utaratibu, na kesho yake nikampa nafasi ambayo mkulima hapati, nikamruhusu asimame chumbani tunapoonja. Nilijiona nimemfanyia wema mkubwa.

Nilichota, nikavuta. Na hapo hapo nilikuwa jikoni kwa marehemu mama yangu, pembeni ya pipa la mbege lililofunikwa kwa majani, siku ya pili, kabla halijawa kali. Utamu ule wa ndizi iliyoiva mpaka ikapasuka, na ukali kidogo nyuma yake. Niliujua kabla haujafika kooni. Mzungu asingeweza kuujua, wala mtu wa Mbinga au wa Bukoba. Mimi nilikua nao, nilitumwa kibuyu cha mbege kabla sijajua kusoma. Nilikuwa na hakika kuliko siku nyingine yoyote kazini kwangu.

Nikatema. "Imechacha," nikasema.

Kulikuwa na binti mmoja mwonjaji, mgeni kazini, mwaka wake wa kwanza. Alikuwa ameonja, akarudia, na sasa alikuwa anaonja mara ya tatu. "Bosi," alisema polepole, "mbona kama ina utamu mzuri?"

"Hata mbege ni tamu," nikamjibu. "Sisi hapa tunaonja kahawa."

Chumba kizima kikacheka. Nilikuwa na maelezo ya kitaalamu pia, usidhani nilikurupuka. Kahawa inanyonya harufu ya chochote kilicho karibu, nikawaambia, na nyumba ya huyu mama ina mapipa ya mbege mwaka mzima. Ama imenyonya, ama imechacha, ama vyote viwili. Ukiyasikiliza maelezo yale hata leo utaona yamepangika vizuri.

Shemeji hakucheka wala hakununa. Alikisogelea kikombe akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ni mbaya," aliuliza, "au hujaizoea?"

Lile ndilo swali lililonipandisha hasira. Lingeulizwa na mtu mwingine, faraghani, labda ningelifikiria. Lakini nilikuwa mbele ya vijana niliowafundisha, na anayeniuliza ni mke wa mdogo wangu aliyekuja na mfuko wa sukari.

"Shemeji," nikasema, "mimi nimeonja vikombe vingi kuliko sufuria zote ulizowahi kuosha."

Aliukunja ule mfuko mara nne, akauweka kikapuni. Nikaandika kwenye karatasi: imechacha, harufu ya pombe. Kahawa yake yote ya mwaka ule ikaingia kwenye kundi la maganda, pamoja na makombo ya wavivu na walevi.

Nikiwa namsindikiza stendi roho ilinisuta kidogo, si kwa kuonja kwangu, ila kwa ile kauli ya sufuria. Nikajaribu kuirekebisha kwa ushauri. Nikamwambia asiing'oe mibuni. Ajaribu msimu mmoja zaidi, aoshe inavyotakiwa, mimi mwenyewe nitahakikisha inaonjwa kwa haki. Alifikiri kidogo akasema sawa, kwa kuwa nimesema mimi.

Akaosha. Msimu mzima uliofuata alibeba ndoo, mfongo ukiwa umekauka mapema kuliko mwaka uliotangulia. Kahawa ikaja safi, nyeupe, haina harufu yoyote ya kulaumu. Nilipoionja niliandika "safi, ya kawaida", na nakumbuka niliridhika, nikamtumia ujumbe wa kumpongeza.

Krismasi tulipanda mlimani kama kila mwaka, maana Mchagga asiyerudi nyumbani Krismasi watu wanauliza amefungwa wapi. Nilimkuta shemeji anatembea ameinama. Hakuwa mzee wa kuinama, ni mdogo kwangu kwa miaka tisa. Tukiwa tunakula akaniambia ameamua.

"Masika yakianza naing'oa. Nimeshaweka oda ya miche ya parachichi kule Bomang'ombe. Parachichi haliombi kuoshwa."

"Ni sawa," nikamwambia. "Umejitahidi."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshika mfupa wa nyama mkononi. Sikufikiria mara mbili. Ilikuwa mibuni ya baba yangu, aliipanda akiwa kijana, na mdogo wangu amezikwa hatua kumi kutoka pale inapoanzia. Nikasema ni sawa, nikaomba chumvi.

Februari akaja mnunuzi mmoja kutoka nje. Wanunuzi wengine wanakuja na maneno mengi, huyu alikuwa mpole. Aliomba tuonje pamoja bila kujua kipi ni kipi, na kati ya sampuli zetu akachanganya za kwake mbili tatu kutoka nchi nyingine. Kadi zikalazwa kifudifudi. Tukazunguka meza, yeye, mimi na yule binti, ambaye sasa alikuwa mwonjaji kamili.

Nilipofika kikombe cha tano nilijua kabla sijatema. Pipa la mama yangu. Nikaandika alama ya chini kuliko zote za siku ile na pembeni nikaandika: imechacha.

Tukasomeana alama. Binti alikuwa amekipa kikombe cha tano alama ya juu kuliko vyote. Mnunuzi naye vilevile. Nikadhani wamekosea namba. Kadi ikageuzwa, ikawa mojawapo ya zile alizokuja nazo yeye, na akatuambia kwamba kahawa ya namna ile ndiyo wateja wake wanaigombania, hawezi kuipata ya kutosha. Akaeleza inavyotengenezwa. Matunda mekundu tu, yaliyochaguliwa moja moja. Yanaanikwa mazima kwenye vichanja, safu nyembamba. Yanageuzwa kila mara na kufunikwa mchana jua likiwa kali. Wiki nne hivi. Alisema kuna watu wamekwenda shule kujifunza kuifanya bila kuiharibu, na wengi bado wanaiharibu.

Alikuwa anasema Kiingereza na nilimwelewa vizuri, lakini nilimtazama binti kana kwamba nangoja anitafsirie. Yule mtu alikuwa ananielezea uwanja wa shemeji yangu.

Akaniuliza kwa adabu mimi nilisikia ladha gani mpaka nikaishusha vile. Nikasema mbege. Hakuijua. Binti akamweleza, ndizi za kupikwa na kimea cha ulezi. Alifurahi, akaandika neno hilo kwenye daftari lake, kisha akauliza kama kuna mkulima yeyote mlimani kwetu anayekausha kahawa hivi, kwa sababu angependa kwenda kumwona hata kesho.

"Hapana," nikasema. "Hayupo."

Na ilikuwa kweli. Alikuwepo, mimi nikamwachisha. Binti alinyanyua macho akanitazama. Mgeni alipoondoka alinifuata korido.

"Bosi, na yule mama wa mwaka juzi?"

"Nitamwambia," nikasema.

Nilikuwa na simu mfukoni. Namba ya shemeji ninaijua kwa kichwa. Ingechukua dakika mbili: shemeji, nilikosea, usiing'oe. Jioni ile nilianza kumwandikia ujumbe, nikafika kwenye "ile kahawa yako", nikafuta. Nikajiambia jambo zito kama hili halisemwi kwa simu, ni heshima kumwendea mtu ana kwa ana. Jumamosi ya kwanza kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani. Ya pili gari lilikuwa gereji, ingawa lingeweza kutoka Ijumaa kama ningelifuatilia. Ya tatu sikuwa na sababu yoyote na nikakaa nyumbani nikaosha banda la kuku ambalo mke wangu alikuwa ameniomba nilioshe tangu Mwaka Mpya. Alishangaa sana.

Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta maneno. Nilitaka sentensi ambayo ingemwambia habari ile bila kunitaja mimi. Kwamba soko limebadilika. Kwamba dunia sasa inapenda vitu vya ajabu. Nilizitengeneza nyingi, usiku na mchana, na kila moja ilipofika katikati ililazimika kupita kwenye kile chumba na ile kauli ya sufuria. Mzee wangu wa meno, nilimkumbuka sana wiki zile. Angalau yeye alikosea punje tu.

Mvua za masika zilianza wiki ya kwanza ya Machi. Nilizisikia juu ya bati nikajua maana yake. Nikageukia upande wa pili nikalala.

Nilipanda Machame Jumatatu ya Pasaka. Kutoka kwenye geti niliona mwanga pasipotakiwa kuwa na mwanga. Chini ya migomba kulikuwa kweupe. Ule upande wote wa juu, kuanzia makaburini hadi mpaka wa jirani, kulikuwa na mashimo yaliyofukiwa vizuri, na kwenye kila shimo mche wa parachichi umefungiwa kijiti, na majani makavu ya migomba yamewekwa kuuzunguka. Kazi safi, kama kazi zake zote. Nilisimama pale mpaka viatu vikaanza kuzama kwenye tope. Nililia, na sioni haya kulisema.

Shemeji alinikaribisha jikoni kwa sababu ya baridi. Alikuwa anapika chai. Kuni zilikuwa na ubichi, zinatoa moshi, nyembamba na zenye vifundo, na sikuhitaji kuuliza ni za mti gani. Alinipa kigoda nikakaa. Halafu nikamwambia. Sikutumia sentensi hata moja kati ya zile nilizozitengeneza. Nilimwambia kahawa yake ilikuwa nzuri, kwamba ndiyo inayotafutwa, kwamba mimi niliionja nikasikia mbege na nikaishia hapo hapo kwa kuwa niliijua mno mbege. Nikamwambia nilikosea na nikamwomba msamaha wa zile sufuria.

Alichochea moto. Nilidhani atanifokea, na ingekuwa afadhali.

"Mimi nilijua ni nzuri," alisema baadaye. "Nilikuwa nimeikaanga nikainywa kabla sijakuletea. Nikasema lakini mimi najua nini, ngoja nimpelekee mwenye kazi yake."

Kisha akaniuliza lile swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Umejua lini, shemeji?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyouliza gari limeondoka saa ngapi. Nilimtazama, macho yake yamejaa machozi ya moshi, mkono mmoja uko kiunoni nyuma, unaushikilia mgongo.

"Wiki iliyopita," nikasema.

Akatikisa kichwa, akashusha pumzi, na nikaona uso wake umelegea.

"Basi usijilaumu," alisema. "Mimi niliikata tangu Machi katikati. Ungejua mapema si ungenipigia."

Akaipua chai, akanimiminia, akaniuliza kama sukari imetosha. Nikasema imetosha.